Meno Mawili Yaliyobaki Kiringye

Mapendo mwanangu,

Wewe uko nyuma ya nyumba unasukwa nywele, mimi nimekaa huku mbele kwenye kibanda, nimepindua beseni la mandazi nikalifanya meza. Wateja hakuna. Tangu watu waanze kuteremka kutoka Kamanyola na magodoro kichwani, mtaa mzima wa Kimanga hakuna anayetaka mandazi. Wanatafuta chumvi, kiberiti na madumu ya maji. Karatasi hizi nimezichana katikati ya daftari lako la zamani la jiografia. Usikasirike, zilikuwa hazijaandikwa kitu.

Kesho asubuhi utavuka mpaka wa Kavimvira pamoja na jirani zetu, na kabla ya saa sita utakuwa Bujumbura kwa shangazi yako Esperance. Sitakuandikia habari za kufua, wala za kusaidia jikoni, wala za wavulana. Hayo umeyajua kwa kichwa. Juzi nilianza kukuonya, ukanimalizia maneno wewe mwenyewe, tena kwa sauti yangu, na rafiki yako akacheka mpaka akakaa chini. Wewe pia ulicheka, lakini mkono ulikuwa umeshafika kinywani kabla cheko halijatoka. Ni mkono huo ninaotaka kuuzungumzia.

Juma lililopita nilikuambia kwamba koko wako, mama wa marehemu baba yako, naye anakaa kwa shangazi tangu kijiji chake cha Kiringye kuharibiwa na vita. Ulikuwa unakula. Uliweka sahani chini, ukasema, "Minye siwezi kulala nyumba moja na ule mama mwenye aliniharibia kinywa. Afazali nibakie hapa na hii vita."

Nilikufokea. Nilisema mtoto hasemi hivyo juu ya mama wa baba yake. Maneno mazuri kabisa, ya mama aliyelelewa vizuri. Kisha nikaingia ndani nikajifanya natafuta unga.

Siku hiyohiyo ulipita karibu yangu nikasikia harufu ya karafuu, dawa ya jino. Nikaanza kukutazama ukila: upande wa kulia tu. Nikakuambia ufungue kinywa, ukakataa, nikakushika kidevu kama mtoto wa miaka mitatu. Gego la nyuma upande wa kushoto lina tundu jeusi, punje ya mchele ingeweza kuingia na kulala humo. Nikakuuliza tangu lini, ukasema tangu Pasaka. Nikakuuliza kwa nini hukuniambia. Ulinijibu bila hasira, na kule kukosa hasira ndiko kulikoniumiza: "Mama, ata nikitunza, itasaidia nini? Kinywa kilishaka haribika tangu niko mutoto. Koko alishaka kumaliza."

Nilidhani niliyemkosea ni mtu mmoja tu, tena mzee, tena mbali. Kumbe na wewe ulikuwa unayaacha meno yako yaoze kwa ajili ya kitu ambacho si kweli.

Basi nisikilize, Mapendo. Koko wako hakukuharibia kinywa. Ni mimi. Soma mpaka mwisho kabla hujaamua kunichukia. Baada ya hapo una ruhusa.

Ulikuwa na miezi mitano. Baba yako alikuwa kwenye boti za mizigo, amekwama Kalemie kwa sababu ziwa lilikuwa limefungwa. Hapa Uvira mji ulichukuliwa na hawa mwanzo wa juma, na mwisho wa juma ukachukuliwa na wale, na kila waliochukua waliingia nyumba kwa nyumba. Nilikufunga mgongoni, sufuria kichwani, nikafuata barabara ya uwandani kwenda Kiringye pamoja na watu wengine. Tulitembea siku mbili. Mvua ilitunyeshea tukiwa karibu na Sange, nikakufunika kwa sufuria, na watu walinicheka hata katika hali ile.

Koko alitupokea. Nisikudanganye, hakuwa ananipenda sana wakati ule. Kwake mimi nilikuwa msichana wa mjini anayeogopa matope ya mpunga, na alikuwa na haki, niliyaogopa kweli. Lakini alitutolea kitanda chake, yeye akalala kwenye mkeka.

Hatukumaliza majuma mawili, ukaanza kuharisha. Homa ikapanda. Udenda ulikuwa unakutoka, ulikuwa unauma kila kitu, kidole changu, kitenge, hata shavu langu. Kituo cha afya kilikuwa kimeporwa mpaka milango wameibeba. Na wamama wa pale, kila aliyekuja kukutazama alikubonyeza ufizi na kusema neno lilelile: "Huyu mutoto iko na meno mubaya. Kama hamutoe, atakufa."

Unajua wanavyosema watu wetu, kwamba mtoto akiharisha akiwa mdogo, kuna wadudu weupe ndani ya ufizi, pale ambapo meno ya chonge yataota, na wadudu hao lazima wachokolewe. Mimi nilijua si kweli. Ndiyo, Mapendo, nilijua. Nikiwa na mimba yako, mwuguzi wa kliniki alituweka kwenye benchi akatuambia waziwazi kwamba ule uvimbe ni jino linalojiandaa, na kwamba mtoto anaharisha kwa sababu ya maji machafu. Niliitikia kwa kichwa kuliko wote. Nilirudi nyumbani nikamsimulia baba yako huku nikiwacheka watu wa uwandani, na yeye, mtoto wa Kiringye, akanitazama tu.

Koko alichemsha maji akatia chumvi na sukari kidogo, akawa anakunywesha kwa kijiko. Kijiko kimoja, anangoja, kijiko kingine. Alifanya hivyo kutwa nzima, mgongo umepinda. Siku ya tatu utosi wako ulikuwa umebonyea na macho yamezama. Asubuhi hiyo jirani walizika mtoto aliyekuwa mkubwa kuliko wewe. Nilirudi kutoka kwenye mazishi, nikamkuta koko na kijiko chake, nikapandwa na wazimu.

"Mama, mutoto iko nakufa, na weye uko nasema maji!"

Hakuinua hata macho. "Maji njo inamushika," alisema. "Ngojea. Ile mambo ya kuchokora, minye nilizaa munane, sikufanyaka ata kwa moja."

Nilingoja aende shambani kuchimba mihogo. Hayo ndiyo nimeyaficha miaka yote hii: nilimngoja aondoke. Nikakubeba nikavuka mfereji wa maji ya mpunga, nikaenda kwa mama mmoja aliyekuwa akiifanya kazi hiyo. Alikuwa na spoku ya baiskeli aliyoinoa kwenye jiwe. Akaniambia nikushike kichwa kati ya magoti yangu, nikakushika. Nilifumba macho. Masikio hayafumbiki.

Alipomaliza aliniwekea kiganjani vitu viwili vyeupe, laini, kama mchele ambao haujaiva. "Ona," akasema, "huyu njo mududu mwenye alikuwa nakula mutoto." Nikaviangalia, nikaamini. Mimi niliyekuwa nimekaa kwenye benchi la kliniki na kuitikia kwa kichwa. Mtu akiogopa sana anaweza kusahau anachokijua kama asiyewahi kukijua.

Koko alirudi akaona damu kwenye kanga. Nilikuwa tayari kwa matusi. Aliweka kikapu cha mihogo chini, akanawa mikono, akakusafisha kinywa kwa maji ya chumvi yaliyopoa, kisha akachukua kijiko akaendelea pale alipoachia. Siku mbili baadaye kuharisha kulipungua. Wamama wote walimsifu yule wa ng'ambo ya mfereji, na mimi pia nilimsifu. Ilinichukua miaka kukubali kwamba aliyekuponya ni koko na kijiko chake.

Sasa nije kwa baba yako.

Humkumbuki vizuri, najua, na nasikitika kwamba nimekuwa nikikusimulia mazuri yake tu kama watu wanavyofanya kwa marehemu. Alikuwa mtu wa furaha na wa hasira, vyote viwili kwa kipimo kikubwa. Tulipokuwa tunachumbiana alikuwa akifungua chupa za soda kwa meno kwenye harusi ili nione kwamba ni mwanaume. Gego likapasuka siku moja mbele ya wakwe, akatafuna wali wake kwa machozi akisema ni mfupa wa samaki. Nikikumbuka hilo mpaka leo nacheka peke yangu nikikanda unga, halafu nasimama kwa sababu sioni tena ninachokikanda. Ninamtamani, Mapendo. Kumi na tatu ni miaka mingi ya kutamani sauti ya mtu kwenye mlango.

Alifika Kiringye ziwa lilipofunguliwa. Alikurusha juu, ukacheka, akaona fizi zako zilivyochimbika, vidonda bado vyekundu. Akakurudisha mikononi mwangu taratibu. Akauliza, "Nani alifanya hii kitu?"

Mimi nilinyamaza. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na nilikuwa namwogopa. Mwanaume aliyenisikia nikiwacheka watu wa kwao kwa jambo hilohilo, ningemwambia nini? Nilitazama chini nikihesabu vidole vyangu vya miguu. Na katika kimya hicho koko alisema, tena bila kugeuka kutoka kwenye moto aliokuwa anaupuliza, "Ni minye. Muke yako alikatala. Minye njo nilimupeleka."

Baba yako hakumpigia kelele. Alifunga mizigo yetu, tukaondoka siku ileile. Nilipokuwa nafunga kitenge nilimsogelea koko nyuma ya nyumba nikamuuliza, "Mama, juu ya nini umesema vile?" Akanitazama kama mtu anayetazama mtoto mjinga. "Weye uko nanyonyesha," akasema. "Akikufukuza, mutoto atakunywa nini? Minye ni mama yake. Atakasirika, kisha atasamehe. Mwana hakasirikiake mama yake mpaka kufa."

Ndivyo alivyodhani. Nami nilidhani vilevile, nikajiambia nitangoja hasira ipoe, nitasema mwezi ujao, nitasema Krismasi. Krismasi ilifika, na nyingine. Baba yako aliacha boti akaingia kwenye malori, na alikuwa akipita Kiringye bila kusimama. Alisikia mama yake ameumwa, akatuma dawa kwa mkono wa mtu mwingine. Mimi nilikuwa ninajua, ninapika, ninatandika kitanda, ninanyamaza. Kisha wenye bunduki wakapiga risasi lori lao barabarani, na yeye alikuwa mbele karibu na dereva.

Koko alikuja kwenye mazishi. Alikaa mbali, pamoja na majirani, si pamoja nasi tulio wa nyumba. Hakuna aliyemfukuza, alijikalisha mwenyewe huko. Nilimwona. Kulikuwa na nafasi kwenye mkeka wangu na kulikuwa na muda, watu walikuwa wanaimba, ningeweza kuinuka nikasema neno moja. Sikuinuka. Katika makosa yangu yote hilo ndilo ambalo sijui nitamwambia Mungu nini.

Ungedhani niliishia hapo. Sikuishia hapo.

Ulipokuwa na miaka kumi na mmoja chonge za chini zilikuwa bado hazijatoka, na ile moja ya juu iliyotoka ilikuja ya kahawia, imejikunja kama ukucha wa kuku. Watoto wa shule walikuwa wamekupa jina ambalo sitaliandika. Nikakupeleka kwa munganga wa meno aliyekuwa amepita hapa mjini. Unakumbuka, alikuwa na taa kwenye paji la uso, ukasema anafanana na mchimba dhahabu. Alikutazama kwa muda mrefu. Akaniambia, "Mama, ile haikukuwaka mududu. Ilikuwa jino. Na chini ya ile jino kulikuwa mbegu ya jino ya ukubwa. Yote walitoa." Kisha akauliza, kama baba yako, ni nani aliyefanya.

Wewe ulikuwa umekaa kwenye kiti kile, kinywa wazi, macho yamenigeukia. Safari hii hakukuwa na mtu wa kusema badala yangu. Na mimi, mwanamke mzima, muuza mandazi ambaye Kimanga nzima inaogopa ulimi wake, nikasema, "Ni koko wake." Nilikusikia ukivuta pumzi.

Yule munganga alisema na jambo lingine, ambalo hatukulisikia vizuri, wewe kwa sababu ulikuwa unalia, mimi kwa sababu nilikuwa nasikiliza uongo wangu. Alisema meno yaliyobaki ni mazima na mazuri, ila yameanza kuinamia kwenye mapengo na kubanana, na pale yanapobanana chakula kinakaa, kwa hiyo mtoto huyu anatakiwa kuyasafisha kuliko watoto wengine wote. Kuliko wengine, alisema. Sikukukumbusha hata mara moja. Kukutajia meno kulikuwa ni kumtaja koko, na kumtaja koko kulikuwa ni kujitaja mimi. Nikawa ninakupa bombo, peremende za dukani, ili usiwe na huzuni. Kila ulipotaniwa shuleni, bombo. Nilikufariji kwa sukari, mwanangu, juu ya meno yaleyale.

Na vile vijiti, unavikumbuka? Kila mtu aliyeteremka kutoka Kiringye alituletea mchele kidogo na kifurushi cha vijiti vya mswaki vilivyofungwa kwa ugwe wa mgomba. Koko mwenyewe alikuwa akivikata. Yeye ni mzee wa miaka sabini na kitu na anatafuna mahindi ya kuchoma, mimi wa miaka thelathini na sita nimeshang'olewa magego matatu, na yote matatu niliyangoja mpaka yakabaki ya kung'oa tu. Alipotuma vijiti vile alikuwa anakuambia kitu, kwa kuwa lugha nyingine nilikuwa nimemfungia. Ulivitia jikoni chini ya sufuria. Nilikuona ukivivunja, nikasogeza kuni.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliwasikia watu wakilitumia neno hilo kwa kifua kikuu na kwa mimba, sikujua kwamba linaweza kufika mpaka kwenye gego la msichana wa darasa la kumi.

Nimezungumza na shangazi kwa simu. Kabla hujaingia shule atakupeleka kwa munganga wa meno, na gego lile, kama nilivyomweleza, shangazi anadhani bado linaweza kuzibwa. Chonge hazitarudi. Wanaweza kukuwekea za kubandika ukiwa mkubwa, na ukitaka uweke, utapendeza. Ingawa jino la pembe si dawa ya pengo, na sitakuambia kwamba ni sawasawa. Lakini mengine yote uliyo nayo, yote, ni yako na ni mazima. Hakuna aliyekuroga, hukuzaliwa na kinywa kibaya, ukoo wa baba yako una meno ya kutafuna mifupa. Yaliyoharibika yaliharibiwa mchana mmoja, na mtu mmoja aliyeogopa, na mtu huyo unamjua. Ya sasa yanakungoja wewe. Umri wako huu ndio yanamaliza kuota, baada ya haya hakuna mengine yanayokuja nyuma.

Unajua ninachokitamani? Ulipokuwa na miaka minne, kabla ya shule, kabla ya kioo, ulikuwa unacheka kwa kurusha kichwa nyuma mpaka naona koo lako lote. Jirani walikuwa wanasikia wakijua Mapendo ameona kuku au ameona mvua, kitu chochote. Cheko hilo sijalisikia miaka mingi. Kesho nyumba hii itakuwa na mimi na beseni, na sitakuwa nikikumbuka cheko lako, nitakuwa nakumbuka mkono wako. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya kuondoka kwenyewe. Kuondoka kuna kurudi, Mungu akipenda na wenye bunduki wakichoka.

Sasa nikuambie nilivyopanga, maana na hilo ni kosa na nataka uliandike pamoja na mengine. Nilipanga kukunja karatasi hizi na kuzishonea kwenye pindo la kitenge kilicho chini kabisa ya mfuko wako, halafu kukupigia simu ukishavuka, nikuambie, fumua pale. Mpaka wa nchi ungekuwa kati yetu. Ungelia ukiwa Bujumbura, na koko angekuona ukilia, na yeye ndiye angekubembeleza. Nimeona hilo wazi nilipofika mstari huu, nikaona aibu. Koko alisimama mbele ya baba yako badala yangu. Nilimsimamisha tena mbele yako kwenye kiti cha munganga. Na sasa nilikuwa nataka karatasi isimame, na baada ya karatasi, yeye tena.

Hapana. Mara tatu ni nyingi.

Nasikia rafiki yako anasema msuko wa mwisho umekwisha, nawe unamwambia amevuta sana. Nimekuita. Umejibu, "Mama, niko nakuja!" na bado hujaja, kama kawaida yako. Ukifika nitakupa karatasi hizi mkononi. Utakaa kwenye kiti cha wateja, na mimi sitaingia ndani, sitatafuta unga, sitageuza mandazi. Nitakaa hapa mbele yako mpaka umalize, na ukimaliza utaniambia unachotaka, kwa sauti unayotaka, majirani wasikie wakitaka.

Na kama kesho asubuhi huwezi kuniaga, usiniage. Nitasimama barabarani nikuone ukipita, inatosha. Lakini ukifika, kabla hujatua mfuko, mtafute koko alipo, piga magoti, umwamkie.

Mama yako